Je, Kuzoea Sumu Ni Kupona?

Sisi tukaao Karavia, upande wa ziwa la Lubumbashi, twalijua lile bomba refu la moshi tangu utoto. Tanuru la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Mwaka 1967 likawa mali ya serikali. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki uliuchukua moshi wake na kuumwaga upande wa kaskazini-magharibi, juu ya Penga Penga. Shaba, zinki, risasi, kadmi: vyote vimo udongoni hata leo, kwa maana madini hayaozi.

Je, kiumbe gani chaweza kuishi humo? Wataalamu waliochunguza udongo wa migodi ya kale huko Ulaya waliona mambo ya ajabu. Nyungunyungu hula udongo wenye risasi, akaifungia katika nyama izungukayo utumbo wake, isimdhuru. Yuko na mdudu mwingine arukaye, mdogo kuliko punje ya mtama. Ngozi ya ndani ya utumbo wake hushika kadmi, na kila ajivuapo gamba huitupa ngozi ile pamoja na sumu. (Laiti na sisi tungeweza!)

Basi twasikia watu wakisema: “Hata sisi tumezoea.” Neno hilo twalikataa. Na tuangalie vema jinsi wadudu hao walivyozoea. Hakuna hata mmoja aliyejifunza. Walio dhaifu walikufa, wengi mno, au hawakuzaa. Wachache waliozaliwa na nguvu ile wakabaki, wakazaa walio kama wao. Kizazi cha mdudu ni majuma au miezi tu. Kizazi cha mtu ni miaka 20 na zaidi, na hao “dhaifu” ni watoto wetu. Mwaka 2020 wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza kwamba hatari ya kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao hufanya kazi ya madini. Nani atathubutu kuyaita hayo mazoea?

Tena, sumu iliyofungiwa haijaondoka. Ndege amlaye nyungunyungu amekula na risasi yake. Mama auzaye lengalenga huziosha mara mbili, na vumbi hutoka. Lakini yaliyopanda kwa mizizi hayatoki kwa maji. Naye alijua hilo kabla yetu. Jioni imefika, watoto wana njaa, nasi twanunua.