Jina Ambalo Sikuliandika

Ndugu msomaji, nikikuuliza kama kujitolea ni jambo jema, utanishangaa. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kwamba anayejitolea ni mtu mwema, awe anachimba msingi wa zahanati, anasomba maji ya kufinyangia udongo wa nyumba ya mjane, au anakesha akilinda kijiji. Hilo sibishani nalo. Swali langu ni jingine. Mtu anapojitolea, anatoa nini hasa? Na hicho anachokitoa, je, ni chake?

Nauliza kwa sababu niliwahi kuwa katibu wa kikundi cha kujitolea cha kulinda bahari, katika kijiji kimoja cha pwani kati ya Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma. Kijiji sitakitaja. Wanaonifahamu watajua, na wengine halitawasaidia kitu.

Kwanza nieleze baruti, maana msomaji wa bara huenda anaisikia tu redioni. Mvuvi wa baruti hana haja ya kusubiri. Ana chupa, ana utambi na fataki, anaangalia kundi la samaki lilipo, anawasha, anatupa. Mshindo unapasua vifuko vya hewa vilivyo ndani ya samaki. Baadhi wanaelea, wengi wanazama, na hao waliozama hawamfai mtu yeyote. Matumbawe yanavunjika, na tumbawe halioti kama mhogo kwamba utapanda leo uchimbe mwakani. Samaki mwenyewe anakuwa laini, mifupa imevunjika ndani kwa ndani, anaoza upesi. Mama zetu wakimbonyeza kwa kidole gumba tu wanamjua. Wanamjua, na wanamnunua, kwa sababu ni rahisi na watoto wanasubiri.

Pwani hii ya kusini haikunyamaza. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa Mtwara na Lindi waliungana wakaunda chama chao walichokiita SHIRIKISHO, wakapiga kelele juu ya baruti, hata wakatumia video kuonyesha hali ilivyokuwa vijijini kwao. Mwishoni mwa miaka hiyo wanajeshi wa majini wakaingia katika doria, na kwa muda bahari ikatulia. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hifadhi ya pili ya aina hiyo nchini baada ya ile ya Mafia ya mwaka 1995. Lakini baruti ni kama mbu, ukilala anarudi. Miaka ya 2000 ilipoendelea tukaanza tena kusikia mishindo.

Mimi nilijiunga na kikundi mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne. Ningependa kusema nilijiunga kwa uchungu wa matumbawe. La hasha. Nilikuwa sina kazi, matokeo yangu hayakunifikisha kidato cha tano, na nilikuwa nimechoka kuulizwa kila asubuhi, “Na wewe msomi, unaamkia wapi leo?” Nilisikia pia kuna semina, na semina ina posho na soda. Isitoshe nilikuwa nimeanza kuandika riwaya (bado naiandika) nikaona kukaa na walinzi wa bahari usiku kutanipatia habari. Wakanichagua katibu siku ya kwanza, bila kura, kwa sababu ya mwandiko.

Watu wengi wanadhani dosari ya kujitolea ipo kwenye posho. Wanasema aliyepewa elfu tano hakujitolea tena. Mimi naona hayo ni maneno ya watu walioshiba. Mtu aliyeacha nyavu zake usiku kucha ana haki ya kula. Dosari niliyoiona mimi ilikuwa mahali pengine kabisa.

Alfajiri moja, kaskazi ikiwa haijaamka vizuri, tulisikia mshindo. Baruti ya karibu unaisikia miguuni kabla ya masikioni. Tulikuwa watano katika mashua. Tukaelekea kule, tukakuta samaki weupe matumbo juu, na mbele yetu, kwenye ukungu, dau linaondoka na tanga. Tanga lilikuwa na kiraka cha turubai la bluu upande wa chini. Nilikijua kile kiraka. Nilikishona mimi mwenyewe, kwa sindano ya nyavu, nimekaa barazani kwa mjomba wangu.

Mwenyekiti akaniuliza, “Katibu, umekitambua chombo?”

Nikasema, “Hapana, Mzee.”

Wale wengine walitazama majini. Sijui kama walikijua. Kijiji chetu si kikubwa. Tulipofika pwani nikafungua daftari la doria nikaandika tarehe, saa, mahali, halafu nikaandika: Chombo hakikutambulika.

Sasa, msomaji, kabla hujanihukumu, niruhusu nikueleze mjomba ni nani. Kwetu Wamakonde, kwa desturi, ukoo unafuata upande wa mama. Baba anaweza kuwepo au asiwepo, lakini mjomba ndiye anayeulizwa mtoto akiugua, akienda jandoni, akitaka kuoa. Mimi na mjomba wangu tunaitana “mjomba” kwa “mjomba”, kama ilivyo kwa watu wengi wa pwani, hata mgeni hajui mkubwa ni yupi. Mwaka 2013 nilipoingia kidato cha kwanza, karo ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango, dawati, sare, viatu, madaftari. Mjomba alilipa. Karo ilipofutwa Januari 2016 mimi nilikuwa naingia kidato cha nne, kwa hiyo ile miaka mitatu ya kulipa ilimwangukia yeye yote. Sikuuliza fedha inatoka wapi. Mtoto wa pwani hahitaji kuuliza. Samaki walikuwa wanakuja nyumbani wakiwa laini.

Kwa maneno mengine, mwandiko ule uliofanya nichaguliwe katibu ulinunuliwa kwa baruti.

Kama jambo lingeishia hapo, pengine leo nisingekuwa naandika. Ningesema nilimficha mzazi wangu, nani asingefanya hivyo? Lakini haukupita mwezi, kijana mmoja akakamatwa ufukweni na kapu la samaki na chupa mbili. Nilisoma naye shule ya msingi. Yeye hakuendelea, maana hakuwa na wa kumlipia. Safari hii daftari halikusitasita. Niliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi za kusimama ili polisi wasipate shida. Kesi ikaenda mahakamani, akafungwa.

Miezi baadaye nilikutana na mama yake njiani anatoka kuchokoa pweza, maji yamekupwa. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu, akatua ndoo yake, akasema, “Mwandiko wako mzuri, baba. Hakimu hakukwama hata herufi moja kulisoma jina la mwanangu.” Akajitwika ndoo, akaenda zake.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tangu siku ile nimejaribu kujitetea kwa njia nyingi, na nitazieleza, kwa sababu najua vijana wenzangu walio katika vikundi vya mazingira, vya ukimwi, vya sungusungu na vya vicoba, nao wanazitumia.

Njia ya kwanza ni ya njaa. Wanasema usimlaumu mpiga baruti, laumu umaskini. Wanakumbusha kwamba gesi iligunduliwa hapa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, kwamba mwaka 2013 watu wa Mtwara walisimama kuuliza gesi hii inatunufaishaje sisi, na kukatokea vurugu na vilio. Nani atamwambia mtu kama huyo asiguse samaki? Nakiri hoja hii ina uzito. Ila ina shimo. Mama anayechokoa pweza ni maskini kuliko mwenye dau, na mwamba unaovunjwa ni shamba lake. Baruti haiendi kumpiga tajiri wa mjini, inampiga yeye. Halafu, kama njaa ni udhuru, basi ulikuwa udhuru wa wote wawili. Mbona mimi nilimpa mmoja?

Njia ya pili ni ya damu. Undugu ni kufaana, wanasema. Hapa nikakumbuka tamthiliya ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963, ile ambayo toleo lake la baadaye linaitwa Juliasi Kaizari. Humo Brutus anamuua rafiki yake kwa ajili ya Roma, na wanaosoma tamthiliya hiyo hubishana kama alikuwa shujaa au msaliti. Mimi nilipoisoma shuleni nilimwona msaliti. Sasa namwonea wivu kidogo. Brutus, kwa makosa yake yote, alimchoma Kaizari wake mwenyewe. Mimi wangu nilimwacha, nikamtafutia Roma mtoto wa jirani.

Njia ya tatu ni ya dini, na hiyo ndiyo haikunipa hata pa kujificha. Aya ya 135 ya Surat An-Nisaa inawataka waumini wasimamie haki hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao, awe tajiri au awe maskini. Nimeirudia mara nyingi nikitafuta mlango. Imefungwa pande zote, hadi dirisha la umaskini.

Je, basi ningeandika jina la mjomba? Hapa ndipo wengi watakapoachana nami, maana naona hata hilo peke yake lisingetosha. Hebu tuliangalie neno lenyewe. Kujitolea kunatokana na kujitoa. Mtu anatoa nafsi yake, usingizi wake, nguvu zake, nyavu zake zilizolala bila kuvuliwa. Lakini katibu anayeandika jina hatoi nafsi yake, anatoa ya mwingine. Ningemwandika mjomba asubuhi ile, kijiji kingeniita mkweli, na anayekwenda gerezani angekuwa yeye. Sifa zangu, kifungo chake. Na mimi niliyevaa viatu vya baruti miaka mitatu nisingepungukiwa na kitu.

Kujitoa kuna maana nyingine pia, ambayo niliijua mahakamani, siku niliyoitwa kutoa ushahidi. Hakimu akiletewa kesi ya ndugu yake anajitoa, kesi anapewa mwingine. Hakuna anayemwita mwoga. Sisi walinzi wa kujitolea hatuna utaratibu huo, kwa sababu tunadhani moyo mwema unatosha. Katika kijiji ambacho kila mtu ni shemeji, mtani au mpwa wa mtu, moyo mwema ndio unaoanza kupindisha kalamu. Mzee mmoja aliyekuwa mwanachama wa SHIRIKISHO enzi zile aliniambia jambo nililolipuuza wakati ule: siku ya kwanza ya kikundi, kabla ya kuchagua mwenyekiti, kila mtu angepaswa kusimama akataja nani wa kwao anapiga baruti. Nikamwambia, “Mzee, hapo kikundi kitavunjika.” Akasema, “Kikivunjika siku ya kwanza hakijamfunga mtu.”

Kwa hiyo nilichopaswa kufanya kilikuwa kidogo na kigumu. Kumwambia mwenyekiti mle mle kwenye mashua: Chombo nakijua, ni cha mjomba, alinisomesha kwa kazi hii hii, shika kalamu wewe. Hapo ningekuwa nimetoa kitu changu: jina langu zuri, nafasi yangu barazani, pengine chakula changu cha jioni.

Nilijiuzulu ukatibu mwaka 2018. Nikasema nina shughuli. Hilo nalo ni jambo la kutazamwa, maana mtu wa kujitolea anaweza kuondoka siku yoyote na akashukuriwa kwa utumishi wake, wakati yule wa chupa mbili yumo ndani. Miaka hiyo serikali iliibana sana baruti, mishindo ikapungua, mjomba naye akauza dau akanunua nyavu. Kijana yule alishatoka. Tunasalimiana. Anavuta juya la mtu mwingine, kwa fungu.

Mwezi uliopita kikundi kilianza kuandikisha upya wanachama, wakaniomba nirudi, tena katibu. Jioni nikaenda kwa mjomba. Nikamkuta anashona wavu. Nikamweleza yote, kuanzia kiraka cha bluu hadi ndoo ya pweza, nikamwambia nataka kusimama mkutanoni niseme mbele ya watu, na mbele ya mama yule. Alishona macho matatu manne ya wavu bila kuinua uso.

“Sema, mjomba,” akaniambia. “Mimi ni mtu mzima, nitajibu. Ila ukilitaja jina langu, taja na karo.”

Mkutano ni Ijumaa baada ya bamvua hili. Karatasi ninayo, nimeandika yote mawili.