Kinyongo Chini ya Saini

Nilipokuwa mtoto kule Marangu, majirani wawili waligombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Mmoja akaja kwa babu na jani la isale, lile ambalo kwetu Uchagani huombewa msamaha, ili babu amfikishie mwenzake. Babu hakulipokea. Alimkalisha kwenye kigoda, akamwuliza, "Umebakiza nini moyoni, mwanangu?" Mtu yule akanyamaza weee, kisha akakiri: alikuwa amepanga kuyafufua madai yake jirani akishakufa.

Niliikumbuka siku ile niliposoma kitabu kidogo cha mwanafalsafa Immanuel Kant kuhusu amani ya kudumu, kilichotoka mwaka 1795. Sharti lake la kwanza kwa mataifa ni lilelile la babu: mkataba uliotiwa saini huku chanzo cha vita ijayo kimefichwa si wa amani. Ni kuvuta pumzi tu kati ya vita na vita.

Kant hakuwaza hewani. Aprili ya mwaka huohuo Prussia, nchi yake, ilipatana na Ufaransa mjini Basel. Nyuma ya maandishi yaliyotangazwa kulikuwa na vifungu vya siri: Ufaransa ikibaki na ukingo wa magharibi wa mto Rhine, Prussia ingefidiwa upande wa mashariki, kwenye ardhi ya watu wengine. Mwaka 1806 nchi hizo mbili zilikuwa vitani tena.

Wapo wanaomwita mwota ndoto. Mimi naona alimjua binadamu. Alitaka majeshi ya kudumu yaondolewe polepole, na wananchi, ambao ndio hufa na kulipa, waridhie kwanza. Lakini linalonigusa zaidi ni la mgeni. Anayefika kwa amani asitendewe kama adui. Na hiyo ni haki yake, si hisani, kwa kuwa dunia ni duara na hatuwezi kukimbiana milele. Hapohapo akawalaumu Wazungu wenzake waliofika ng'ambo wakawahesabu wenyeji kuwa si kitu. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikakaa kimya.

Mji wake, Königsberg, uliteketezwa kwa mabomu mwaka 1944. Leo unaitwa Kaliningrad, nao uko Urusi. Kaburi lake bado lipo, ubavuni mwa kanisa kuu.

Babu alilipokea lile jani siku ya tatu, baada ya kila dai kutamkwa mbele ya jirani mwenyewe. Jioni hiyo wale wawili walipanda masale mpakani, mmoja akichimba, mwingine akishikilia miche.