Marafiki wa Ayubu na Jani Lenye Doa

Kamere, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya barabara ya Moi South Lake huko Naivasha, hauna nafasi ya bustani. Ploti zimebanana, vyumba vinatazamana mlango kwa mlango, na mmea wa mtu hukaa panapopatikana: juu ya ukuta mfupi, dirishani, kando ya karo la kufulia. Mahali kama hapo panazifaa sakulenti, yaani mimea ya majani mazito yanayojiwekea akiba ya maji. Mshubiri na kalankoe hustawi ndani ya mikebe ya mafuta ya Kasuku na ndoo za rangi zilizokwisha, bila kudai mengi. Halafu siku moja jani hubadilika rangi, na mwenye mmea huuliza swali ambalo binadamu ameliuliza mbele ya kila mwili wenye alama: nani amekosa?

Swali hilo ni la kale, na limejibiwa vibaya kwa muda mrefu sana.

Katika Kitabu cha Ayubu, marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanamkuta mwenzao ameenewa na majipu mwili mzima. Wanaketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kutamka neno, na pengine hapo ndipo walipomfaa kuliko wakati mwingine wowote. Walipofungua midomo, waliigeuza ngozi yake kuwa ushahidi dhidi yake. Una majipu, basi umetenda dhambi, tubu, utapona. Kitabu kinafika mwisho Mungu akiwakasirikia wao, si Ayubu. Waislamu nao wanamjua Ayubu, na Qurani inamsifu kwa subira yake. Maradhi yake hayahesabiwi kuwa adhabu ya uovu wake. Marafiki wale waliona vizuri. Kosa lao lilikuwa kuruka moja kwa moja kutoka kwenye doa hadi kwenye hatia, bila kupita mahali popote katikati.

Sakulenti inamlazimisha mtu kupita hapo katikati, kwa sababu rangi moja ina asili nyingi. Jani la njano lililolegea, linalong'aa kama limeiva kupita kiasi, kwa kawaida limezidiwa na maji. Jani la njano lililosinyaa na kukauka, tena moja tu, chini kabisa ya shina, mara nyingi limezeeka na mmea umelinyonya maji yake ili kulisha majani ya juu. Weupe mkavu upande mmoja ni kuungua na jua. Weupe wa poda iliyotandaa sawasawa juu ya jani zima ni nta ambayo baadhi ya mimea hii hujitengenezea kama kinga, na anayeifuta akidhani ni ukungu anaivua kinga hiyo kwa mkono wake. Weupe wa nyuzi nyuzi uliojificha kwenye makwapa ya majani ni wadudu wanaofyonza utomvu. Hao ndio wa kufutwa, kwa kitambaa chenye spiriti.

Wekundu ndio hudanganya wengi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Jua lake ni kali mchana, na usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Mmea uliotolewa chumbani ukawekwa ukutani mwezi huo unaweza kukolea wekundu kwa majuma machache, na mwenyewe akakimbilia kuunywesha. Ilhali rangi ile ni kinga: jani limejitengenezea kivuli chake. Mshubiri uliomea juani juu ya mwamba huwa mwekundu, na ndugu yake aliye chini ya kichaka cha leleshwa hubaki kijani, na yote miwili ni mizima. Hapa alama haisemi ugonjwa hata kidogo. Inasema mmea umeitikia mahali ulipo.

Hata saa ina neno lake. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, aliiandikia Linnean Society ya London kuhusu jani la mmea ambao leo huitwa Kalanchoe pinnata. Alilionja asubuhi akalikuta kali kwa uchachu. Adhuhuri limepoteza ladha. Jioni limekuwa chungu kidogo. Leo sababu inajulikana. Mimea ya aina hii hufungua vitundu vya majani yake usiku, huvuta hewa na kuiweka kama asidi, kisha mchana hufunga vitundu na kuitumia asidi ile kujitengenezea chakula. Ndiyo maana haipotezi maji mengi, na ndiyo maana maji ya kila siku ndani ya mkebe usio na tundu huiozesha mizizi kwa kukosa hewa.

Kwenye mashamba ya waridi yanayouzunguka mtaa huu kuna kazi ya skauti, mtu anayepita mstari kwa mstari akikagua majani na kuandika alichoona na mahali alipokiona. Karatasi yake ina thamani kwa sababu ya hilo la pili. Doa lililo karibu na mlango na doa lililo chini ya bomba linalovuja yaweza kufanana machoni, lakini mahali huzitenga sababu zake.

Kisha kuna ncha za kahawia. Mimea mingi ya ndani huungua ncha kutokana na chumvi za maji, na iko inayodhurika kwa floridi. Hapo habari ya mkebe mmoja inakuwa habari ya Bonde la Ufa zima, kwa kuwa miamba ya volkano ya eneo hili huachia floridi ndani ya maji ya visima, na visima vingi vya kaunti hii ya Nakuru vinapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Wenyeji wanalijua jambo hili kwa meno yao yenye madoa. Kuna watu wazima wanaofunika mdomo wanapocheka. Wapo walioambiwa hawapigi mswaki.

Lawama hizo si za Kenya peke yake. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wenye meno ya kahawia. Wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabovu. Ilichukua miaka 30, hadi 1931, ndipo mkemia H. V. Churchill alipopima maji na kuikuta floridi.

Injili ya Yohana, sura ya 9, ina wanafunzi wanaomwona kipofu wa kuzaliwa na kuuliza kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili, kisha anaanza kushughulika: udongo, mate, bwawa la Siloamu. Haielekei kwamba anafuta uwajibikaji. Anachokataa ni kuutafuta ndani ya mwili wa mgonjwa. Mtoto wa Nakuru hana hatia kwa meno yake, lakini anayechimba kisima na kuuza maji bila kuyapima ana la kujibu. Na mwenye mkebe usio na tundu analo la kujibu pia, ingawa alinywesha kwa mapenzi.

Tiba ya mmea ina ukweli mgumu: jani lililoungua halirudi kijani. Mmea unaooza hung'olewa leo hii, mizizi myeusi na laini ikakatwa kwa wembe safi, ukaachwa kivulini siku kadhaa hadi jeraha likauke, ndipo ukapandwa upya kwenye mchanganyiko unaopitisha maji. Naivasha imebarikiwa kwa hilo. Mawe mepesi yenye vitundu yanapatikana upande wa mlima Longonot, na baadhi ya mashamba huotesha waridi ndani yake. Kwa ncha za kahawia, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati hutosha. Ncha yenyewe ikikatwa, ibaki ukingo mwembamba wa kahawia, kwa kuwa kukata kijani ni kufungua kidonda kipya. Yote hayo hufanywa kwa ajili ya jani ambalo bado halijachomoza.

Meno nayo ni hivyo hivyo, maana floridi huyaharibu yanapoundwa chini ya ufizi. Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kusafisha maji kwa mkaa wa mifupa, ambao hunasa floridi. Mkaa huo hushiba, na usipobadilishwa, mtungi wa kuchujia huendelea kutoa maji maangavu, matamu, yenye floridi ile ile. Mtoto wa miaka 3 anayeyanywa hataonyesha alama yoyote mpaka meno yake ya kudumu yaanze kuota, akiwa na umri wa miaka 6 hivi.