Je, Wakati Huosha Uchafu?



Liko swali ambalo mtu mwenye kuchunguza dini anayo haki ya kuliuliza, nasi hatuna haki ya kulikwepa. Je, jambo lililokuwa aibu jana laweza kuwa jema leo kwa sababu tu miaka imepita juu yake? Kitu kikizeeka, je, uchafu wake nao huzeeka na kufa?

Swali hili si la nadharia tupu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970 zilitengenezwa huko Ulaya, katika Ufaransa, Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani ya Magharibi, filamu za kutisha zilizochanganywa na uchi. Kadhaa kati yake zilijengwa juu ya hadithi za mfu anyonyaye damu, kama ile aliyoiandika Sheridan Le Fanu wa Ireland mwaka 1872, na ile ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Watengenezaji waliichukua hofu iliyomo katika hadithi hizo, wakaivua nguo, wakaiuza.

Siku hizi filamu hizo zimefufuliwa. Makampuni huutafuta utepe wa asili, huunakili upya picha moja baada ya nyingine, huondoa mikwaruzo, huirudisha rangi iliyofifia, kisha huitia kazi hiyo katika kasha zuri pamoja na maelezo ya wataalamu. Mtu hununua na kutazama nyumbani kwake. Akiulizwa, hujibu kwamba hii ni sanaa, na tena ni historia.

Tuchukue filamu moja tu. Mwongozaji wake alikuwa Mhispania, Jesús Franco, aliyefariki mwaka 2013. Siku zile Hispania ilikuwa chini ya utawala wa Jenerali Franco, na wakaguzi wa filamu walikuwa wakali. Kwa hiyo mwongozaji huyo alifanya kazi nyingi nje ya nchi yake. Mwaka 1970 alipiga filamu ya mwanamke anyonyaye damu, sehemu yake mjini Istanbul, nayo ikaonyeshwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1971. Jina la filamu sitalitaja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami sipendi kukitembeza kwa niaba ya wenyewe.

Mchezaji mkuu alikuwa binti wa Kihispania. Katika filamu hiyo hakuandikwa kwa jina ambalo watu wa kwao walimjua, bali kwa jina la kubuni. Mwezi Agosti 1970, kabla filamu haijaonyeshwa popote, alifariki kwa ajali ya motokaa huko Ureno, akiwa na umri wa miaka 27. Watazamaji wa kwanza walipoketi kuutazama mwili wake, mwili huo ulikuwa umekwisha kulala kaburini karibu mwaka mzima. Tangu hapo umeuzwa katika kaseti, ukauzwa katika sahani za DVD, ukauzwa tena katika sahani za Blu-ray. Na lile jina ambalo watu wa kwao walimjua, ambalo lilikuwa nyuma ya pazia, ndilo linalotumika sasa kuuzia. Mimi sitaliandika hapa. Pazia lile japo dogo, na liachwe lilivyokuwa.

Basi, ndugu msomaji, tuzipime hoja za wanaotetea biashara hii, moja baada ya nyingine, kwa uadilifu.

Hoja ya kwanza ni wakati. Husemwa kwamba kilichowashtua watu wa zamani hakimshtui mtu wa leo. Lakini kutoshtuka si dalili ya usafi. Huenda ni dalili ya ganzi. Sheria ya Kiislamu yatufundisha kanuni nzuri katika jambo hili. Pombe ikigeuka kuwa siki huwa halali, kwa kuwa tabia yake imebadilika, haileweshi tena. Lakini nyamafu, hata ikikaa siku ngapi, haiwi halali, kwa kuwa kukaa hakukuibadilisha ila kwa kuizidisha kuoza. Sasa tuulize: je, filamu hii imegeuka siki? La. Kazi yote ya mafundi ni kuhakikisha kwamba haigeuki, bali irudi kuwa kali kama siku ya kwanza, na pengine kupita. Wameuosha utepe, hawakuliosha tendo. Kinachoosha tendo ni toba, na toba ni jambo la moyo, si la mashine.

Hoja ya pili ni sanaa. Tusiwe watu wa kudharau. Kuhifadhi filamu za kale ni kazi yenye faida, na mwanadamu anayo ruhusa ya kusimulia juu ya tamaa na hofu, maana ni sehemu ya maisha yake. Kurani Tukufu yenyewe imesimulia. Soma Sura Yusuf uone jinsi mwanamke mwenye cheo alivyomtaka kijana aliyekuwa chini ya mamlaka yake, akaifunga milango. Hakuna kilichofichwa katika maana ya kisa hicho. Lakini angalia jinsi kinavyosimuliwa: msomaji hakuwekwa kwenye tundu la mlango apate kuchungulia, amewekwa pamoja na Yusuf a.s., anakimbia naye kuelekea mlangoni. Hapo ndipo penye mpaka. Sanaa inayotueleza jaribu hutupa nguvu ya kulishinda. Ile inayotuuzia jaribu lenyewe, ikaliita elimu, imetudanganya juu ya bidhaa iliyomo kasbani.

Hoja ya tatu ni ridhaa. Husemwa kwamba yule binti alikubali mwenyewe, akalipwa, basi nani amedhulumiwa? Sisi hatumhukumu, hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini ridhaa ya mtu aliye hai ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba aweza kuiondoa. Wangapi kati yetu walifanya jambo wakiwa na miaka 20 na kitu, na walipofika miaka 40 wakamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba limesahauliwa? Yeye hakuipata hiyo miaka. Hakuulizwa juu ya kaseti, wala juu ya sahani, wala juu ya jina lake. Moja katika sifa za Mwenyezi Mungu ni kusitiri, na Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba anayemsitiri mwenzake, Mwenyezi Mungu naye atamsitiri. Kinyume chake, Sura Nur (24:20, tukiihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza) yawaonya vikali wale wapendao uchafu uenee. Kumfunua maiti kila teknolojia mpya inapopatikana, huko si kusitiri.

Hoja ya nne ndiyo yenye kupendwa zaidi: Niko nyumbani kwangu, peke yangu, na serikali imeruhusu. Juu ya serikali, tazama yaliyotokea Uingereza. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kaseti za video, baada ya kelele nyingi juu ya filamu za kikatili zilizokuwa zikiingia majumbani. Mwaka 2009 ikagunduliwa kwamba sheria hiyo ilipaswa kuarifiwa Tume ya Ulaya tangu mwanzo, na haikuarifiwa; kwa hiyo miaka 25 yote haikuwa na nguvu ya kutekelezwa. Ilibidi ipitishwe upya mwaka 2010. Sheria za nchi ni lazima tuziheshimu, lakini mlinzi anayeweza kukosa silaha kwa sababu ya taarifa moja isiyopelekwa, huyo peke yake hatoshi kuilinda roho.

Na juu ya nyumba, limo jambo la ajabu katika hadithi ile ya Stoker. Mnyonya damu, pamoja na nguvu zake zote, hawezi kuingia nyumba ya mtu mara ya kwanza mpaka aliyemo ndani amkaribishe. Mtunzi hakuwa Mwislamu, lakini amegusa ukweli. Sura Nur imeamuru kwanza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu (24:28), na baada ya aya chache tu ikawaamuru waaminio wanaume, kisha waaminio wanawake, wainamishe macho (24:31-32). Mlango wa nyumba na mlango wa jicho vimewekwa pamoja. Kaseti au sahani haikuvunja dirisha, umeikaribisha.

Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore Desemba 1896, alieleza kwamba Islam haikutuambia tutazame tupendavyo kisha tujidai kuwa macho yetu ni safi. Imetutaka tukae mbali na mahali pa kujikwaa. Wala mzigo huu hakutwishwa mwanamke peke yake. Katika Hija ya kuaga, bibi mmoja alikuja kumwuliza Mtume s.a.w. juu ya baba yake mzee asiyeweza kukaa juu ya mnyama. Fadhl bin Abbas, kijana aliyempanda nyuma Mtume, akawa anamkazia macho. Mtume s.a.w. hakumfukuza yule bibi. Alimjibu swali lake. Alichofanya ni kuugeuza uso wa kijana kwa mkono wake mbarikiwa.

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mgeni katika Islam, nawe umeyatazama mengi kabla ya kufika hapa. Usikate tamaa, wala usiyasimulie. Mtume s.a.w. amewasema vibaya wale ambao Mwenyezi Mungu amewasitiri usiku, nao asubuhi wakajifunua kwa maneno yao wenyewe. Tubu kimya, usimpe mwingine ulichokuwa nacho, wala usikiuze, funga saumu, tafuta marafiki wema, na simama katika Sala. Ile sauti ndani yako inayokulaumu, ambayo Kurani Tukufu imeiita nafsi yenye kulaumu (75:3), usiione adui. Ndiyo mkono unaougeuza uso wako.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na waliotangulia, ayasafishe macho yetu, na atufikishe kwenye nafsi iliyotulia. Amin.