Tunamfuata Nani Katika Simu Zetu?



Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza baada ya ibada: “Mchungaji, ni dhambi kumfuata mtu katika Facebook au TikTok kama sikubali yote anayosema? Mimi nasikiliza tu.” Nilimjibu haraka kwamba si dhambi. Usiku jibu langu likaninyima usingizi, kwa hiyo naomba nilijibu tena hapa.

Kwanza niungame. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, wengi wetu hapa kambini hatukulala. Tulipiga simu nyumbani, hazikupokelewa. Nikaanza kumfuata mtu mmoja wa kabila langu anayeishi ng'ambo, ambaye kila usiku alizungumza moja kwa moja. Alitaja vijiji kwa majina. Alitaja na kijiji changu. Mengi aliyosema yalikuwa kweli, na aliwalilia wafu wetu. Lakini katikati ya habari aliingiza maneno juu ya majirani zetu, kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi. Nikajisemea: hayo nayaacha, nachukua habari tu.

Februari Bukavu nayo ikaanguka. Jumapili moja ya Meza ya Bwana, mama mmoja wa kabila lile lingine alinyosha mkono kupokea mkate. Ndiye aliyemwangalia mke wangu alipojifungua. Nikautazama mkono wake, na neno la yule mtu likanijia, kwa sauti yake hasa. Mkate nilimpa. Lakini nilijua sikuwa nimeacha kitu. Nilikuwa nimekula vyote.

Sisi tuliotoka Maziwa Makuu hatuna udhuru. Redio RTLM ilianza kutangaza Rwanda mwezi wa Julai 1993, na watu wengi waliipenda kwa muziki na utani wake. Wao pia walikuwa wanasikiliza tu. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili, lakini hakuna mahakama ya wasikilizaji. Na simu inazidi redio kwa jambo moja: inahesabu. Yule mtu haoni moyo wako usiokubali. Anaona wafuasi wameongezeka, na mgeni akiona hesabu ile atadhani huyu ni mwalimu wa kweli.

Mzee mmoja wa kanisa alinipinga. “Mchungaji, tukiwaacha wote wenye hasira, nani atatuambia waliokufa? Wenye maneno matamu hawakijui kijiji chetu.” Anasema kweli, na sina jibu la kumtosha. Sisemi tuwafuate wanaotupendeza tu. Someni 1 Wafalme 22. Ahabu hakukosa manabii. Alikuwa nao kama mia nne, wote wa sauti moja. Alimchukia Mikaya kwa sababu hakumtabiria mema, akamtia gerezani, akaenda kufa Ramoth-Gileadi.

Basi sasa namwuliza kila mtu ninayemfuata: je, umewahi kutuambia sisi, watu wako, kosa letu? Na ulipokosea, ulirudi kusema? Yule wa ng'ambo siku moja alionyesha picha ya maiti, akasema ni ya wiki ile. Ndugu mmoja aliitambua kuwa ni ya zamani, akamwandikia kwa heshima. Hakusahihisha. Alimfungia yule ndugu asiweze kumwandikia tena.

Nilimwacha mwezi wa Machi. Nilikaa bila habari, na haikuwa rahisi. Siku hizi kila Jumamosi nanunua salio nampigia baba mdogo, na mtandao ukikubali ananieleza mvua, bei ya mihogo, na nani amezikwa. Mzee bado anamfuata yule mtu, na bado tunabishana.

Kijana wa kwaya nilimwambia alete simu yake, tupitie majina pamoja, yake na yangu. Tumefika jina la kumi na nne. Mawili nimemwomba aniandikie, ili mimi pia niwafuate.