Maji ya Udhu na Mbwa Mwenye Kiu

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi hapa Tononoka, Mombasa, si la mirathi wala la talaka. Ni hili: "Maalim, wewe wasomesha watoto Qur'ani, vipi tena washika mbwa?" Wengine huniuliza kwa adabu baada ya Alasiri, wengine hunirushia wakipita na tuktuk. Nastahili kulijibu kwa urefu, maana mapajani mwangu mna msahafu asubuhi na jioni, na watu wana haki ya kujua mikono inayoufungua hushika nini mchana.

Sikuwa nimenuia. Mwanafunzi wangu mmoja aliumwa na mbwa koko karibu na jaa akija chuoni. Alifika mguu umefungwa leso, damu imeganda. Tukamkalisha chini ya mfereji, tukaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, kisha nikampeleka Hospitali Kuu ya Pwani kuanza sindano. Alhamdulillahi, yu mzima. Baadaye wakaja watu wa mifugo na chanjo ya bure ya mbwa, dawa imo ndani ya boksi la barafu, wakitafuta mtu wa kuandika majina ya wenye mbwa. Nikasema kalamu naijua. Wenye mbwa walikuwa wengi kuliko nilivyodhani: walinzi wa maghala, mafundi wa gereji, wauza vyuma chakavu. Mbwa wasio na mwenyewe waliletwa na vijana wa kituo kimoja kinachookota mbwa waliotupwa, na mikono ya vijana hao haikutosha. Palikuwa na jike mzee, masikio yamejaa kupe, akitetemeka hata sindano ikashindwa kuingia. Kijana akaniomba nishike kamba. Nikaweka kalamu. Tangu siku hiyo hunipigia simu wakiwa na kazi upande huu wa kisiwa, nami huenda.

Sasa dini. Naanza na upande mzito, kwa sababu hoja inayoruka upande mzito haina uzito wenyewe. Sisi wa Pwani ni Mashafii. Kwetu mbwa ni najisi nzito: akiramba chombo, chaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Imam Malik aliona mbwa ni twahara na kwamba kuosha huko ni ibada tu, lakini mimi sihami madhehebu ili kazi yangu iwe rahisi. Imepokewa pia kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwamba afugaye mbwa pasipo kazi ya mifugo, shamba au uwindaji hupungukiwa na thawabu kila siku. Imepokewa kuwa Mtume (SAW) aliwahi kuamuru mbwa wa Madina wauawe, kisha akazuia, na akaeleza kuwa nao ni umma miongoni mwa nyumati. Yote haya nayasomesha na yote nayaamini. Sifugi mbwa nyumbani kwangu wala sitafuga.

Lakini tazama hukumu hizo zinamwambia nani. Zinaniambia mimi: osha chombo chako, chunga nguo yako, chunga nyumba yako. Hakuna hata moja inayompa mtoto wa mtaa wa Majengo ruhusa ya kuokota jiwe ampige mbwa. Tena sheria ya kuosha chombo mara saba yenyewe yakubali kwamba mbwa atafika karibu na vyombo vyetu, na inatufundisha la kufanya akifika. Najisi ni jambo la swala yangu. Siyo hukumu iliyokatwa juu ya roho ya mnyama.

Dalili yangu kubwa imo katika kitabu kidogo ambacho watoto wa Pwani wamekihifadhi kwa vizazi: Safinat an-Najaa, cha Sheikh Salim bin Sumeir, Mhadhrami aliyefia Batavia katika karne ya 19. Katika mlango wa kutayamamu, Safina yataja sababu tatu. Ya kwanza, kukosa maji. Ya pili, maradhi. Ya tatu, maji yawepo lakini yahitajiwe kwa kiu ya mnyama mwenye kuheshimiwa. Yaani wakati wa swala umeingia, birika lina maji ya udhu mmoja tu, na kando yako yuko kiumbe ana kiu. Sheria yasema mpe yeye maji, wewe piga mikono yako mchangani. Kisha kitabu chataja wasioingia katika heshima hiyo, na katika orodha hiyo fupi yumo mbwa, lakini ni mbwa mkali mwenye kudhuru. Huyo peke yake. Mbwa mwenye faida, kama wa mifugo au wa ulinzi, ameheshimiwa, na hata yule asiye na faida wala madhara, kauli iliyotegemewa katika sharhi za madhehebu yetu yamweka upande wa wanaonyweshwa.

Niliwahi kuwasomesha watoto mlango huu mara nyingi, wakiuimba kwa sauti moja, kabla sijawahi kugusa kamba ya mbwa. Sasa nikifika hapo husimama. Nawauliza: mbwa anayelala nje ya gereji, kiu imemshika Januari hii, yuko upande gani wa orodha? Huangaliana.

Na si Safina peke yake. Izz ad-Din ibn Abd as-Salam, Mshafii aliyefariki mwaka 1262, aliandika kuwa mwenye mnyama yampasa kumlisha hata akizeeka au akiugua asiwe na manufaa tena. Kila Ijumaa twasoma Surat al-Kahf, na mle mbwa wa wale vijana waliolala pangoni amelala kizingitini, miguu ya mbele ameinyoosha. Hata wanaobishana juu ya idadi ya wale vijana hawamwachi nje ya hesabu. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno ili apande nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mungu akamshukuru na kumsamehe. Kama kiatu kile kilioshwa baadaye, hadithi haikusema.

Changu mimi naosha. Nina kikoi cha kazi hiyo na glavu, na debe la udongo safi nililoletewa kutoka shamba, kwa sababu udongo wa mjini umechanganyika na kila kitu. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu hakuna cha kuoshwa. Penye mate au maji, nachota gao la udongo, nalivuruga katika kopo mpaka maji yatibuke, najimiminia na kusugua hadi kwenye viwiko, kisha maji matupu mara sita. Haizidi muda wa kusubiri chai ichemke. Mke wangu ndiye anayenihesabia, na hakosei.

Sasa rudi kwenye ile orodha. Mbwa hutolewa katika heshima akiwa wa kudhuru, na hapa kwetu jambo kubwa linalomgeuza hivyo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, dawa haipo. Chanjo ya mbwa yafunga mlango huo kwa mtoto na kwa mbwa mwenyewe. Ndiyo maana nasema kushika ile kamba ni katika dini yangu: namzuia kiumbe asifikie hali ambayo sheria itamwondolea ulinzi. Wanaotaka mbwa watiliwe sumu hawajui wanachokibomoa. Sumu haichagui, yaua waliochanjwa pia, na nafasi zao hujazwa na wageni wasiochanjwa. Panapochanjwa mbwa saba kati ya kila kumi, ugonjwa hukosa njia. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ifikapo 2030, na miaka iliyobaki ni michache.

Mbwa wa kituo wakipona, wengi huenda Kwale na Kilifi kwa watu wenye mbuzi na mashamba ya mihogo, yaani palepale hadithi iliporuhusu. Yule jike mzee alikwenda Kwale, na analala nje ya zizi.

Mwalimu mwenzangu mmoja bado aona nafungua mlango ambao wajinga wataingilia. Ni mtu mcha Mungu na hofu yake naiheshimu. Jibu langu ni kwamba wajinga tayari wameingia, na mkononi wana mawe.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mwenye mbwa, mlete achanjwe. Asiye na mbwa, amfundishe mwanawe asimpopoe, na akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Na anayechelea najisi aje kwangu, debe la udongo liko mlangoni.