Hazina ya Mambo Mapya na ya Kale



Bwana wetu Yesu Kristu alimfananisha mwalimu aliyefundishwa mambo ya ufalme wa mbinguni na mwenye nyumba atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Mwenye nyumba huyo hatupi kitu kwa kuwa ni cha kale, wala hakikatai kwa kuwa ni kipya. Lakini yampasa avijue vitu vyake. Maana viko ambavyo kimoja kikiingia kingine hakina budi kutoka, na viko vikaavyo pamoja kwa amani.

Watu wa Magamba, katika nchi ya Mpanda, hawana haja ya kwenda mbali ili kulifahamu jambo hili. Magharibi kwao liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi. Kusini liko Ziwa Rukwa. Yote mawili yamelala katika Bonde la Ufa. Bonde hilo lilifanyikaje? Mwaka 1896 J. W. Gregory, mtaalamu wa miamba, aliandika kwamba nchi ilipasuka na sehemu ya kati ikadidimia. Baadaye E. J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa upimaji wa miamba Uganda, akasema sivyo: nchi za pande mbili zilisukumana, bonde likabanwa chini kati yake. Edward Bullard akapima nguvu ya uvutano Afrika Mashariki, na mwaka 1936 akaiunga mkono fikira hiyo ya pili.

Fikira hizo hazikuweza kuwa kweli zote mbili. Vipimo vilivyofuata vilikata shauri: nchi inavutwa na kuachana, milimita chache kila mwaka. Naye Bullard, mwaka 1965, pamoja na wenzake, alionyesha jinsi kingo za Afrika na Amerika ya Kusini zinavyolingana, dalili ya kuwa mabara hayo yalikuwa pamoja kisha yakaachana. Huo ndio uungwana wa elimu: fikira hushindana, na ashindwaye na ushahidi hakupoteza heshima, bali amepata kweli.

Sanaa ina njia nyingine. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi, akisisitiza vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, chenye mashairi yasiyofungwa na sheria hizo. Ugomvi ukawa mkubwa. Wengine wakasema hayo si mashairi kamwe. Leo ya aina zote mbili yanafundishwa shuleni. Shairi la vina halikugeuka uongo kwa sababu shairi huru limezaliwa, kama vile mtoto wa pili hamfanyi wa kwanza asiwe mwana.

Kanisa lenyewe lafundisha hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1963 kwamba Kanisa halikuufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake pekee.

Hatari yetu ni kuyachanganya mambo haya mawili. Wazazi, mtoto akileta nyumbani fundisho jipya la sayansi, msimzibe kinywa kana kwamba ameikana imani. Mwulizeni ushahidi wake. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba imani na akili haziwezi kupingana kwa kweli, kwa kuwa zote mbili zatoka kwa Mungu mmoja. Nanyi vijana, msidhani kwamba kwa kuwa wataalamu hubadili shauri juu ya miamba, basi Amri za Mungu nazo ni maoni ya kubadilishwa.

Nanyi wanakwaya! Ni mara ngapi ngoma na kinanda vimewagawanya waamini? Mzee huacha kuja Misa kwa sababu ya wimbo mpya. Kijana humcheka kwa kupenda wimbo wa zamani. Hapo hakuna kweli iliyotetewa. Upendo tu ndio uliojeruhiwa. Wimbo wa kanisani haupimwi kwa umri wake, bali kwa jinsi unavyowasaidia watu kusali.

Mchimbaji wa dhahabu wa Mpanda hakiamini kila king'aacho. Huosha mchanga mpaka dhahabu ibaki. Ndivyo Mtume Paulo anavyotuhimiza kupima yote na kushika lililo jema. Roho Mtakatifu atujalie ujasiri wa kuiacha fikira iliyoshindwa, na upole wa kumpa nafasi ndugu aimbaye kwa sauti isiyo yetu.

Tumsifu Yesu Kristu.